Aliyeitikia Nyuma ya Cephus

Kinamasi cha Tolliver hakina mwangwi. Piga ukelele utakavyo, yale majani ya kijivu yanayoning'inia kama ndevu kwenye miti ya misaipresi yataumeza, na maji meusi, meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, yataulaza chini. Kwa hiyo asubuhi ile Ozella Gadsden alipogonga kasia ubavuni mwa kayaki yake, akajibiwa na kaka yake kutoka mkiani mwa msafara, kisha akajibiwa tena na kitu kilichokuwa nyuma ya kaka yake, hakuwa na pa kujificha. Hakuweza kusema ni mwangwi. Alizaliwa hapa.

Kugonga huko walikurithi kwa baba yao, mzee Linzy, pamoja na kazi ya kutembeza watalii. Njia za Tolliver ni nyembamba, zinajipinda baina ya vigogo vinene na yale magoti ya misaipresi, mizizi inayochomoza majini, na anayeongoza mbele hamwoni aliye nyuma. Basi wa mbele hugonga mara moja: mko? Mfunga mkia naye hugonga mara mbili: tuko, sote. Hakuna kuitana kwa sauti. Wageni huja kusikia ukimya, na mzee Linzy alikuwa akisema kwamba anayepiga kelele kinamasini anawatangazia mamba kuwa chakula kiko mezani.

"Ko," aligonga Ozella.

"Ko-ko," alijibu Cephus, upesi upesi, mtu aliyekuwa hana subira tangu tumboni mwa mama yake.

Halafu, mbali zaidi, taratibu, kama mkono uliochoka: "Ko... ko."

Mgeni aliyekuwa karibu na Ozella akainua uso. "Ni ndege?"

"Kigogota," alisema Ozella, na uongo ule ulimtoka vizuri mno. Hakugonga tena mpaka walipofika gatini.

Wageni siku hiyo walikuwa wauguzi wastaafu kutoka jimbo la Ohio, kina mama wenye vicheko na kofia pana. Walipokuwa wakivua majaketi ya kuelea, aliyekuwa wa mwisho kwenye msururu aliangalia kule walikotoka, akamgeukia Ozella.

"Na yule mzee wenu, mbona hafiki?"

"Mzee gani, mama?"

"Wa kofia ya ukindu. Mimi nilikwama kwenye magoti ya miti, huyu kijana wenu akawa anamsaidia mwenzangu, nikageuka nimpishe mzee apite. Akanionyesha kwa kasia nitangulie. Muungwana kweli. Ila ana kifua, masikini. Nimesikiliza vifua maisha yangu yote, na kile si cha kutoka nacho kitandani. Halafu ananuka tapentaini."

Ozella alilipokea jaketi lake, akalitundika. "Ni jirani yetu," alisema. "Huja kuvua."

Alimtazama Cephus. Alikuwa amebeba kayaki begani, akiipeleka kwenye rafu yake, wala hakushtuka. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomtia Ozella hofu kuliko maneno ya mgeni.

Ndani ya pikapu, wakirudi nyumbani, hakuvumilia.

"Umesikia?"

"Nasikia tangu magugu ya maji yachanue," alisema Cephus. "Wewe ndiyo kwanza unasikia."

"Na umeninyamazia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba Baba yuko nyuma yangu? Ungeniambia niende kanisani."

"Ningekuambia uende hospitali."

Cephus alicheka, kisha akaacha kucheka. "Maisha yangu yote nimekaa nyuma, Ozzie. Nyuma pakiwa na mtu najua, na pakiwa hapana mtu najua. Wewe wa mbele hujui kitu."

Neno hilo lilikuwa na historia. Mzee Linzy alikufa mwezi wa tatu, kwa kifua, katika chumba kilichonuka tapentaini na mafuta ya mgando aliyokuwa akipakwa kifuani usiku na mchana. Kabla hajakata roho aliwaita wanawe wote wawili, akasema mbele atakaa Ozella. Ozella ni mdogo. Cephus ndiye kifungua mimba, mvi zimeshaanza kumwota, na tangu angali mvulana alikuwa akiahidiwa kwamba siku akikomaa, baba yake atamwonyesha Njia ya Kengele, mkondo wa siri unaokatiza moyo wa kinamasi, ambao mzee aliujua peke yake. Siku hiyo haikufika. Mzee Linzy alikuwa mtu mwema, kila mtu Tolliver atakuambia hivyo, lakini mtu mwema naye ana mahali anapouma, na Cephus ndiye aliyeumwa.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili Cephus hakulijua. Hakuna aliyelijua ila Ozella.

Kwetu mtu akizikwa, kile alichokitumia mwisho hupelekwa kaburini kikavunjwa pale pale: kikombe, sahani, taa, saa. Kinavunjwa ili mnyororo uvunjike, aliyekwenda aende zake, asirudi kumchukua mwenzake wa nyumba ile ile. Kikombe cha mzee Linzy kilikuwa cheupe, cha udongo, chenye mstari wa buluu, kimemegeka kidogo mdomoni. Ozella ndiye aliyempa maji kwacho mara ya mwisho, kwa hiyo Ozella ndiye aliyetakiwa kukivunja. Shangazi Tempie alisimama kando yake kaburini akamwambia, "Vunja, mwanangu. Kikombe kizima ni mlango uliosahauliwa wazi."

Akavunja. Ila alichokivunja kilikuwa kingine, alichokinunua mjini siku moja kabla, chenye mstari wa buluu uo huo. Cha baba yake kilikuwa kabatini, nyuma ya unga wa mahindi. Alijiambia kwamba Mungu huangalia moyo. Na tangu siku ile kila alfajiri, kabla ya kwenda gatini, alikuwa akinywa kahawa yake humo, mdomo wake pale palipomegeka, na kwa muda wa kahawa ile moja hakuwa yatima. Ukimlaumu, mlaumu, lakini kwanza mzike baba yako.

Jioni ya siku ile ya wauguzi alikiosha kikombe, akakifudikiza kando ya sinki, akaenda kulala. Asubuhi alikikuta kimesimama. Kilikuwa kimejaa maji meusi hadi ukingoni, na juu yake lilielea jani moja jembamba la msaipresi.

Alitazama madirisha. Yalikuwa yamefungwa, na fremu zake zilikuwa na rangi ile ya buluu ambayo watu wa pwani hii hupaka kuzuia mizuka. Alisimama pale jikoni na gauni lake la kulalia, akikumbuka alivyokuwa akiambiwa utotoni, kwamba rangi ya buluu huzuia kinachotoka nje. Haizuii kilichokaribishwa mezani. Akayamwaga yale maji. Yalinuka tapentaini.

Unadhani alikivunja? Alikiosha tu, akakirudisha kabatini.

Baada ya hapo nyumba ikawa na mambo yake. Kiti cha mzee kilikuwa kikilia jioni, kilio kile cha mtu mzito anayejiegemeza. Kuna wakati Ozella akikoroga supu ya bamia alisikia mtu akivuta pumzi nyuma yake, pumzi ndefu yenye maji ndani yake, na alipogeuka alikuta mlango wa kabati uko wazi. Cephus, ambaye alikuwa na nyumba yake ya magurudumu uwanjani nyuma, akaacha kuja kula. Alikuwa akirudi usiku, suruali imelowa hadi magotini, akijipigia mluzi.

"Unakwenda wapi peke yako?" Ozella alimuuliza siku moja kwenye kibaraza.

"Kinamasini."

"Kufanya nini, na wageni hakuna?"

"Nagonga," alisema Cephus. "Nikigonga moja, ananijibu mbili. Unaelewa maana yake, Ozzie? Mimi ndiye wa mbele. Baba ndiye mfunga mkia wangu." Macho yake yalikuwa yakimeta kama ya mtoto mwenye nguo mpya. "Alikupa wewe uongozi mbele ya watu. Mimi ananipa kimya kimya. Niachie changu."

Ozella aliinuka akaingia ndani. Alihisi aibu, maana kaka yake alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kumwona nayo, na aliyeiweka furaha hiyo pale ni yeye na kikombe chake.

Wiki iliyofuata, jua likiwa linaelekea kuzama, Cephus hakurudi. Pikapu ilikuwa gatini, kayaki yake haikuwapo kwenye rafu. Ozella alivaa jaketi, akawasha taa ya kichwani ingawa giza lilikuwa bado, akaingia majini.

Aligonga. Ko.

Kimya. Hata bundi, ambao saa ile huwa wameanza kubishana, walikuwa wamenyamaza.

Akapiga kasia mpaka pale njia inapogawanyika, akagonga tena, na safari hii jibu lilikuja kutoka upande wa kushoto, ambako hawapeleki wageni kamwe, ko-ko, upesi lakini dhaifu, na kabla hajashusha pumzi ya shukrani likaja lile jingine, ko... ko, mbele ya Cephus, wala si nyuma tena, na Ozella akageuza kayaki akaingia kule kushoto, matawi yakimkwangua mabega, ndevu za miti zikimpapasa usoni kama vidole vya mtu anayetafuta kitu gizani, harufu ya tapentaini ikizidi kila alipovuta kasia, mpaka ikamjaa kooni na kumrudisha katika chumba kile cha mwezi wa tatu, shuka zilizolowa jasho, kijiko kikigonga meno, na ile pumzi, ile pumzi yenye maji, ambayo sasa haikuwa katika kumbukumbu bali ilikuwa juu ya maji, ikipanda na kushuka, karibu, karibu zaidi, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka kwa sababu anajua mnakoelekea ni kumoja.

Alimkuta Cephus kwenye mlango wa mkondo mwembamba ambao Ozella hakuujua. Kasia lilikuwa mapajani mwake. Mikono yake ilikuwa imelala juu yake, haifanyi kitu. Lakini kayaki ilikuwa inakwenda.

Na mbele ya kayaki ile, juu ya maji yaliyotulia kama mafuta, Ozella aliona vile vizunguko vidogo vya maji vinavyoachwa na kasia likitoka: kimoja kushoto, kimoja kulia, kimoja kushoto. Kila kimoja kilijizungusha, kikafa, kingine kikazaliwa mbele yake. Kasia hakuliona. Mtu hakumwona.

"Cephus!"

"Sss," alisema Cephus bila kugeuka. "Ananionyesha Njia ya Kengele."

Ozella alijitupa mbele hata nusura apinduke, akakinasa kitanzi cha nyuma cha kayaki ya kaka yake kwa ile kamba ya kuvutia wageni waliochoka. Kamba ikakaza. Kwa muda, na hili aliapa baadaye mbele ya Biblia, walivutwa wote wawili kuingia ndani. Ndipo akashika goti la msaipresi kwa mkono mmoja, akalikumbatia, akalia, "Baba, niachie! Niachie huyu!" Kamba ikalegea ghafla.

Alimburuta Cephus njia nzima. Hakupinga. Alikuwa akilia kwa sauti ndogo, na mikono yake ilikuwa ya baridi kama samaki.

Kulipokucha alimpeleka kwa Shangazi Tempie. Huyu alikuwa dada wa mzee Linzy, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiume, aliyetibu watu kwa mizizi siku za juma na kukaa kiti cha mbele kanisani Jumapili, wala hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Mti ulio uwanjani kwake ulikuwa umevishwa chupa za buluu kila tawi, za kunasia mizuka. Alimwangalia Cephus ukucha kwa ukucha, akamwogesha maji ya chumvi na majani machungu, akamlaza kwenye godoro chini ya dirisha. Kisha akamshika Ozella mkono, wakaenda makaburini.

Kaburi la mzee Linzy liko pembezoni, pale maji yanapoanza. Shangazi aliinama kwa shida, akaokota kipande cha kikombe kilichovunjwa, akakinusa. Akapitisha kidole gumba ukingoni mwake.

"Hiki hakijawahi kuguswa na mdomo wa Linzy."

Ozella alikichukua kile kipande, akakirudisha juu ya udongo.

"Kiko wapi?"

"Jikoni, Shangazi."

"Unakinywea?"

"Kila asubuhi."

Shangazi Tempie alifumba macho. "Unamwandalia meza kila asubuhi, halafu unashangaa anakuja. Mtoto wewe! Nilikusimamia hapa hapa!"

"Ni Baba," alisema Ozella. "Baba hawezi kumdhuru Cephus."

"Linzy alikuwa baba yenu alipokuwa na mwili. Kilichobaki huko majini ni upweke wake tu, na upweke hauna mtoto. Utamshika yeyote." Akamsogelea, akateremsha sauti kana kwamba kaburi lina masikio, na pengine lilikuwa nayo. "Nisikilize vizuri. Mpaka sasa anaitikia tu. Nyinyi mnagonga, yeye anajibu. Anayeitikia ni mgeni, hana amri juu yako, na jana bado uliweza kumwomba, akakusikia. Lakini siku akianza yeye kuita, na wa damu yake akaitikia, basi huyo ameshakubali kumfuata. Sina mzizi wa jambo hilo. Mama yangu hakuwa nao. Nenda kakilete."

Alikwenda akakileta. Shangazi alimpa jiwe, kisha akampa mgongo ili afunge vitambaa vya buluu kwenye kijiti cha kusimika kichwani mwa kaburi, akaanza kuimba wimbo wa mazishi kwa sauti ya puani. Ozella alipiga magoti. Alikiweka kikombe juu ya udongo, akakishika mshikio ili kisibingirike, akainua jiwe. Pigo la kwanza halikukifanya kitu, kwa sababu mkono wake haukutaka. Akaomba msamaha, hajui kwa nani. Pigo la pili lilikipasua vipande vipande.

Mshikio ulibaki mkononi mwake, mzima, umekatika vizuri kama uliokatwa kwa msumeno. Kidole chake kilikuwa ndani yake, pale pale kidole cha baba yake kilipokuwa kikikaa.

"Vyote?" aliuliza Shangazi Tempie bila kugeuka.

Hapo ndipo mtu anapopimwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. Ozella alifumba ngumi.

"Vyote, Shangazi."

Mambo yakatulia. Kikombe cha madukani alichoanza kukitumia kilikutwa kila asubuhi kikiwa kikavu. Kiti kikaacha kulia. Cephus alipata homa, akapona, akakasirika siku nyingi, kisha akachoka kukasirika. Akarudi kula mezani. Siku moja Ozella akamwambia, huku akimpakulia wali mwekundu, "Kaka, tukianza tena, kaa wewe mbele."

Cephus alitafuna kwanza, akameza. "Si wewe wa kunipa, Ozzie. Hukuninyima wewe. Acha."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Sikutaka mbele. Nilitaka aniite tu. Hata mara moja." Akasogeza sahani. "Ongeza wali."

Walianza tena msimu ule ambapo misaipresi hugeuka rangi ya kutu na majani yake membamba hufunika maji. Kundi la kwanza lilikuwa la walimu kutoka mji wa Columbia, watu watulivu, wanafurahi kuwa mahali pasipo na watoto. Jua lilipenya kati ya vigogo. Kobe walikuwa wamejianika juu ya magogo. Ozella aliongoza, na ndani ya mfuko wa jaketi lake, juu ya moyo, kulikuwa na ule mshikio. Hakuunywea, hakuuandalia meza. Aliubeba tu. Alijiambia kwamba kubeba si kukaribisha.

Penye kona ya kwanza aligonga. Ko.

"Ko-ko," alijibu Cephus.

Akasubiri. Hakuna kitu. Penye kona ya pili akagonga tena, na Cephus akajibu tena, na nyuma ya Cephus palikuwa pakavu, ukimya mtupu, ukimya ambao yeye ndiye aliyeuomba akiwa amekumbatia goti la mti. Ilimpasa kushukuru. Badala yake alijua kwamba sasa ndiyo amefiwa. Mazoea yana taabu. Walifika pale njia inapogawanyika, akaweka kasia mapajani, akaingiza mkono mfukoni, kidole kikaingia katika mshikio.

"Baba," alisema, kwa sauti isiyozidi pumzi.

Majani mawili matatu yalidondoka majini mbele yake. Harufu ikaja. Ilikuja polepole kutoka upande wa kushoto, mafuta ya mgando kwanza, tapentaini baadaye, na kobe wakajitumbukiza majini mmoja baada ya mwingine bila kishindo, na ubaridi ukapanda kutoka chini ya kayaki, ukapita kwenye plastiki, ukapita kwenye mapaja yake, ukafika mikononi, na Ozella akauchomoa ule mshikio ili autupe, autupe mbali, sasa hivi, lakini kidole kilikuwa kimevimba kwa baridi, ukagoma kutoka, na alikuwa akiuvuta na kulia na kuuvuta tena pale alipousikia mlio ule, mbele yake, mahali pasipo na kayaki wala mtu, mzito, wa taratibu, mara moja tu.

Ko.

Mwalimu aliyekuwa nyuma yake akasogea, akatabasamu. "Samahani, dada. Huyo ni kigogota?"

Ozella aligeuka. Nyuma ya yule mwalimu njia ilijipinda, na nyuma ya kona ile, mbali, nyuma ya wageni wote, alikuwa kaka yake, asiyeweza kuona kwamba mikono ya dada yake haikugonga. Akafungua kinywa ili apige ukelele, usijibu, Cephus, si mimi, na ndevu za miti zikaumeza ule ukelele kama zinavyomeza kila kitu.

"Ko-ko," alijibu Cephus kutoka mkiani, upesi, kwa furaha, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Tuko. Sote.

Kasia la Ozella lilikuwa bado mapajani. Kayaki yake ikaanza kwenda.